Amplifaya Mpya, Sauti ya Debe

Mambo yangu yaliharibika Jumamosi tarehe 6 Julai, siku niliyovua kitambaa cheusi cha msiba. Siku yenyewe niliiona njema. Nilichemsha chai, nikanunua mikate, nikafagia uwanja mpaka getini, kumbe nawasafishia njia waliokuja kunimaliza.

Wewe unayeanza kunisoma leo, mimi ni Frans, wa Mamelodi, mashariki ya Pretoria. Kiwanda cha mabati kilinitupa nje bila hata asante. Mke wangu Raesibe akaugua, hospitali ikampanga foleni, foleni ikammaliza. Wiki jana simulizi langu liliishia nikiwa nimekaa kimya mwaka mzima kando ya kabati la santuri, maana kwetu mfiwa hapigi muziki mpaka avuliwe msiba. Wakubwa wa ukoo wameamua hivyo. Wakubwa wakiamua kimya, anayenyamaza ni wewe, wao wanaendelea kuongea.

Kilichonishika roho mwaka ule wote ni Jumapili moja tu.

Chama chetu cha jazi kinaitwa Mikaratusi. Tunakutana Jumapili, nyumba kwa nyumba, viatu vinang'aa, kofia kichwani, kila mtu na santuri zake kwapani. Sahani ya santuri ikizunguka hakuna kuongea. Anayetaka kucheza anatoka katikati peke yake, anacheza, anarudi kukaa. Mwanachama akifa, msiba ukishavuliwa, tunakwenda nyumbani kwake tunapiga santuri zake mwenyewe kwenye mashine yake mwenyewe.

Raesibe alikuwa na kadi yake ya chama. Mwanamke pekee. Hakuingia kama mke wangu, aliingia kwa masikio yake.

Nilitaka Jumapili yake ipigwe nyumbani kwake. Sikuomba kingine duniani.

Basi siku hiyo ya tarehe 6 wakaja wakwe. Kwetu vitu vilivyopita mikononi mwa marehemu vinarudi kwa ndugu zake: nguo, mablanketi, alichoshona, alichofuma. Msafara uliongozwa na Mokgaetji, mdogo wake Raesibe, mwanamke mwenye sauti ya kuongozea magari.

"Shemeji, zulia hili alilifuma nani?"

"Yeye."

"Kunjeni. Na mito ya makochi?"

"Yeye."

"Leteni gunia."

"Shemeji, kochi utaniachia?"

"Kochi ulinunua wewe. Tena limebonyea upande wako, nani atalitaka?"

Wakacheka. Nikacheka na mimi.

Halafu akasimama mbele ya mapazia.

Raesibe alikuwa msafishaji kwenye sinema moja mjini. Sinema ilipofungwa akapewa pazia la ukumbini, zito, rangi ya bitiruti. Akalikata, akalitia blanketi kwa ndani, akashona. Uzi mwekundu ukamwishia, pindo la chini akamalizia kwa uzi wa kijani. Yalifunika ukuta mzima kutoka dari hadi sakafu, na dirisha lenyewe lilikuwa dogo kama karata. Siku ya kuyatundika alizunguka sebule anapiga makofi, pembe hii, pembe ile, anasikiliza, anasogeza kidogo, anapiga tena.

Nilimwambia, "Mama, mbu wameisha, acha makofi."

Akapiga tena.

"Na haya?" Mokgaetji akauliza.

"Aliyashona yeye."

"Najua aliyashona yeye. Nakuuliza, unayatoa?"

"Mila ni mila. Chukua."

"Umesema mwenyewe, shemeji. Watu wamesikia."

"Ngazi iko nyuma," nikamwambia. Nikaileta, nikamshikia.

Kitu kimoja nilificha. Cherehani yake. Niliisukuma uvunguni, nikawaambia niliiuza wakati wa ugonjwa. Nilitaka walau kimoja cha kwake kibaki na mimi.

Gari lao lilipokata kona, nikafunga mlango, nikatoa santuri aliyoipenda kuliko zote, ya tarumbeta, nikaiweka. Mwaka mzima nilikuwa naingoja dakika ile.

Tarumbeta ikatoka kama mtu anayeita msaada ndani ya pipa.

Nikainua sindano, nikaipangusa, nikarudisha. Pipa lile lile. Besi ilikwenda ukutani ikarudi ikakutana na besi nyingine inakwenda. Matoazi yakawa mabati, na mabati mimi nimeyala kiwandani, nayajua.

Nikajua moja kwa moja nani kafanya. Wakubwa wa umeme. Mwaka mzima wamekata na kurudisha, wamekata na kurudisha, wao wana jenereta majumbani mwao, na mimi amplifaya yangu imekaa inapigwa mishtuko kama mgonjwa. Wameniunguzia mashine.

Kesho yake nikamwita Kleinbooi, rafiki yangu, tuliyefukuzwa naye siku moja kiwandani. Akakaa, akasikiliza wimbo mmoja, akakohoa.

"Noko," akasema. Noko ni nungunungu, mnyama wa ukoo wetu. Ukisikia wananiita Noko, ujue naheshimiwa. Wakiniita Frans, kuna jambo. "Noko, mbona hapa hata kikohozi kinarudi?"

"Achana na kikohozi. Sauti."

"Sauti mbaya sana. Nikijikuna sikio napata nzuri kuliko hii."

"Amplifaya, sio?"

"Spika. Spika zako zimezeeka. Angalia, mpira umekauka pembeni kama kisigino cha mama mkwe."

"Umeme umeunguza amplifaya, Kleinbooi."

"Basi nunua vyote viwili, na sindano."

"Kwa pesa ya nani?"

"Ah. Hapo umefika mbali."

Nilikuwa na akiba kidogo iliyobaki kwenye pesa za mazishi. Ilitosha kitu kimoja. Spika, au amplifaya, au sindano nzuri ya kutoka nje. Nilikosa usingizi kwa jambo hilo, msicheke. Mtu mwenye nacho ananunua tu, na akikosea ananunua tena. Maskini anatakiwa apatie mara ya kwanza, na hakuna mkubwa hata mmoja wa kumwambia kipi ni kipi.

Nikaenda mjini, duka moja la vitu vilivyokwisha kutumika. Ndani kumejaa magodoro hadi darini, mazulia yamekunjwa kila kona, redio na mashine zimebanwa katikati. Mwenye duka, kijana mwenye ndevu za kupanga, akaniwekea amplifaya moja nzito kama jiwe la kusagia.

"Sikiliza mwenyewe, mzee. Mimi sisemi."

Nikasikiliza. Nilisimama pale nikashika kofia. Ile tarumbeta ilikuwa imerudi. Ilipumua. Nilimsikia mpigaji akivuta hewa kabla ya kupuliza, kama nilivyokuwa nasikia zamani Raesibe akiwa ameketi kando yangu.

"Nifungie," nikasema.

Nikaibeba nyumbani mikononi kama mtoto. Nikaitupa ile ya zamani, nikaiunganisha mpya. Nikaweka sahani ile ile.

Debe. Sasa debe kubwa zaidi.

Nikairudisha dukani, jasho linanitoka.

"Umeniuzia uozo."

"Mzee, hapa ilisikika vipi?"

"Hapa ilisikika vizuri."

"Isikilize tena." Akaiwasha katikati ya magodoro yake. Ikaimba kama malaika. "Basi tatizo liko huko kwako, sio kwangu."

"Kwangu kuna nini? Kwangu kuna nyumba!"

"Ndiyo hivyo," akasema, akageukia mteja mwingine.

Kiburi cha wenye maduka mnakijua. Nikatoka na mzigo wangu.

Kleinbooi alipoona, akajipiga gotini kwa furaha. "Nilisema spika! Nilisema au sikusema?"

"Ulisema na sindano pia."

"Lakini nilianza na spika."

Tarehe ya kamati ilikuwa inakaribia. Chama kinayo kamati, na kamati inakuja kukagua mashine ya mwenyeji kabla ya kumpa Jumapili. Aliyetunga sheria hiyo ni mwenyekiti wetu, Ntate, yaani Mzee, Tladi. Alikuwa mkaguzi wa shule. Shule zilipomstaafisha akaanza kukagua watu.

Nikavuta cherehani kutoka uvunguni.

Nikaipangusa vumbi kwa shati langu. Kulikuwa na kipande cha uzi wa kijani bado kimening'inia kwenye sindano yake. Nikakikata kwa meno, nikakitia mfukoni. Nikaiuza duka lile lile. Kijana wa ndevu akaiweka dirishani kabla sijatoka, na mimi nikabeba spika mbili ndefu, zimenifika kifuani.

Mnahukumu. Hukumuni. Lakini nilifanya kwa ajili ya Jumapili yake.

Kamati ikaja. Tladi mbele, suti ya kijivu, fimbo ya kutembelea ambayo haimsaidii kutembea. Kleinbooi alikuwa amekaa tayari, amevaa tai. Nikawapa bia ya tangawizi. Nikaweka sahani.

Tladi alifumba macho. Wimbo haujafika nusu, akayafumbua.

"Noko, spika hizi mpya?"

"Mpya kwangu, mwenyekiti."

"Na amplifaya?"

"Nayo."

"Umetumia pesa."

"Nimetumia."

Akasimama, akapiga hatua mbili, akaangalia ukuta mtupu na dirisha langu lenye shuka. Aliutazama ukuta ule muda mrefu. Nilidhani anadharau shuka.

"Frans," akasema.

Sio Noko tena.

"Frans, siwezi kuleta wanachama wasikilize hivi. Siku ya Raesibe haiwezi kuwa hivi. Tutaipiga kwangu."

"Kwako? Yeye alikuwa wa kwako?"

"Usianze."

"Santuri ni zake, mashine ni yake, nyumba ni yake!"

"Mashine yake ilikuwa nzuri. Hii umeinunua wewe."

Kleinbooi akajaribu kunisaidia. "Mwenyekiti, labda tukifungua mlango, sauti itatoka nje ipungue..."

"Kleinbooi, nyamaza," tukasema wote wawili pamoja.

Ndivyo wanavyofanya. Unaanguka, halafu aliye juu anainama, sio kukuinua, anachukua kofia yako.

Jumapili tarehe 25 Agosti nikavaa viatu vya kahawia, nikabeba santuri za mke wangu mpaka nyumba ya mwanamume mwingine. Wanawake walikuwa jikoni wanapika utumbo na ugali, Mokgaetji miongoni mwao, kama ndugu wa marehemu. Kleinbooi alikuwa ameniwekea kiti mbele. Nikakaa, nikapanga moyoni kwamba nitasikiliza kwa ubaya. Nilitaka mashine ya Tladi iwe mbaya. Niliomba iwe mbaya.

Tladi akaweka ile ya tarumbeta.

Mpigaji akavuta hewa.

Niliisikia hewa ile. Kisha ikaja noti ya kwanza, laini, imesimama katikati ya chumba ungeweza kuigusa. Besi ikatembea taratibu na haikugonga ukuta. Matoazi yalikuwa mvua ndogo. Ilikuwa sauti ya sebule yangu. Sio inayofanana nayo. Yenyewe.

Mzee mmoja akatoka katikati akacheza polepole, kofia kifuani, machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa naikodolea macho mashine. Amplifaya ndogo, ya zamani, ndogo kuliko ile niliyoitupa. Spika fupi, zimechubuka. Kwa mashine ile? Kwa takataka ile?

Nikainua macho kutoka kwenye spika, juu, ukutani.

Rangi ya bitiruti. Kutoka dari hadi sakafu.

Chini yangu kulikuwa na zulia. Nalo nililijua.

Nikainuka wakati sahani inazunguka, jambo ambalo Mikaratusi hawajapata kuliona. Nikapiga magoti mbele ya pazia, nikageuza pindo. Uzi wa kijani. Nikatoa mfukoni kile kipande changu, nikakiweka kando yake.

Mnaelewa sasa? Mimi nilielewa pale pale, magoti yakiwa juu ya zulia la mke wangu. Yale makofi ya kupimia mwangwi. Pembe hii, pembe ile. Haikuwa amplifaya, haikuwa spika, hata umeme nilikuwa nimeusingizia. Sauti ya nyumba yangu ilikuwa imeshonwa. Na mimi nilishika ngazi wakati inateremshwa.

"Frans, kaa chini," Tladi akanong'ona.

"Mapazia haya ni ya mke wangu!"

Chumba kizima kikageuka. Tladi akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya maishani: akainua sindano katikati ya wimbo.

"Mokgaetji!" nikapaza sauti. "Njoo hapa! Umemuuzia huyu kwa bei gani?"

Akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Mimi nimeuza?"

"Umeuza vitu vya marehemu!"

"Shemeji, rudia, watu wasikie vizuri. Nani ameuza vitu vya marehemu?" Akanielekezea mwiko. "Cherehani ya dada yangu nimeiona dirishani mwa duka mjini. Si ulisema uliiuza wakati wa ugonjwa? Kijana wa pale kasema mzee mmoja aliileta mwezi huu, akaondoka na spika."

Watu wakaguna. Kleinbooi alikuwa anaangalia tai yake.

"Hilo ni jingine," nikasema. "Nimekuuliza mapazia."

"Mapazia sijauza. Nilitumwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Raesibe! Kuna Raesibe wangapi hapa?" Sauti yake ya kuongozea magari ikakatika. Akashusha mwiko. "Hospitalini. Alinishika mkono akaniambia, 'Siku ya kugawana, usichukue mapazia kwanza. Muulize Frans kama anayatoa. Akikataa, mwachie, na zulia umrudishie. Akiyatoa, peleka vyote kwa Tladi.' Nilikuuliza, shemeji. Nilikuuliza mara mbili. Ukaniletea ngazi."

Nikamgeukia Tladi. Ile fimbo yake sasa alikuwa ameiegemea kweli.

"Ulijua?"

"Vililetwa mlangoni kwangu. Nilitundika kama alivyoagiza. Sikujua vinafanya nini mpaka nilipokuja kwako nikauona ukuta."

"Na hukusema!"

"Ningesemaje, Noko? Ningesemaje kwamba mkeo ameniachia mimi?"

"Kwa nini akuachie wewe?"

"Sijui."

"Mkaguzi mzima hujui?"

"Sijui, bwana. Nimejiuliza kila siku."

Hakuna aliyekaa. Utumbo ulianza kuungua jikoni na hakuna mwanamke aliyekwenda kuuepua. Mokgaetji alikuwa ananitazama bila hasira, na hilo lilinitisha kuliko mwiko.

"Shemeji," akasema, "alipokuwa amelala kule nyumbani, anaumwa, ulikuwa unampigia?"

"Kila siku! Sauti juu, apate nguvu. Nani mwingine alimfanyia hivyo?"

"Na yeye alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema, 'Frans, punguza.' Ugonjwa ule ulimharibu mpaka akaichukia jazi. Nilijua ni homa inaongea."

Alirudi jikoni kuepua sufuria.

Nimerudi nyumbani na santuri zangu, na hadi leo ninavyoandika sijaweka hata moja. Spika ziko pale, ndefu, zimenifika kifuani. Nikikohoa, kikohozi kinarudi.

Raesibe alijua mapazia yale yanafanya nini. Hakuna mwingine duniani aliyejua. Aliyapima kwa viganja vyake mwenyewe, akayasogeza mpaka sauti ikatulia. Tladi nimemuuliza, Mokgaetji nimemuuliza, na usiku huwa nauuliza ukuta mtupu: mke wangu alitaka Tladi aipate sauti ile, au alitaka mimi niikose?